Wakili wa Kazi Moja

Sehemu ya Saba

Taa za bluu za gari la polisi nyuma yetu hazikuzimika. Mlioniandikia wiki nzima mkiuliza kama Mahlon alikamatwa, poleni kwa kungoja, maana mimi mwenyewe nilingoja nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili.

Daraja lilikuwa mbele yetu, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Upande wetu wa mto ni jimbo la Ohio. Ng'ambo ni jimbo la Kentucky, lenye mahakama zake, na huko Kentucky kulikuwa na hati ya kumkamata mzee aliyekaa kwenye kiti changu cha nyuma, amepakata kofia yake.

"Usiseme kitu," nilimwambia bila kugeuka.

"Akiniuliza nitamjibu," Mahlon akasema. "Siwezi kudanganya, Twyla."

"Nani kakwambia udanganye? Nimekwambia ufunge mdomo."

Kwa wewe uliyelichukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, shika haya upesi. Mahlon Gingerich ni seremala Mwamishi, mmoja wa wale Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani. Watu wake hawaendeshi magari, ndiyo maana wananilipa mimi, mwanamke niliyestaafu kuendesha basi la shule, niwapeleke wanakokwenda. Mwezi wa pili yeye na mkewe Lovina walikwenda Kentucky kumwona binti yao. Jioni moja gari la farasi waliloliazima liligongwa kwa nyuma. Taa yake ya mafuta ilikuwa imezimika. Mjukuu wao Rhoda, mtoto wa miaka sita, alifia palepale.

Serikali ya Kentucky ikamshitaki Mahlon kwa kusababisha kifo kwa uzembe, kwamba aliendesha gizani bila taa. Wito wa mahakama ukapelekwa kwenye nyumba ya binti yake, nayo ilikuwa tupu, maana baada ya mazishi binti alihamia kwa wakwe. Mahlon alikuwa amesharudi Ohio kumuuguza Lovina, ambaye saratani ya ini ilikuwa imemlaza kitandani. Hakufika mahakamani. Jaji akatoa hati.

Askari akainamia dirisha langu. Kijana, masikio mekundu kwa jua.

"Mama, taa yako ya breki ya kushoto haiwaki."

Nusura nicheke. Nimempakia mtu anayeshitakiwa kwa ajili ya taa, na mimi nasimamishwa kwa ajili ya taa.

"Nitaitengeneza leo hii."

"Huyo nyuma nani?"

"Mteja wangu."

"Mzee, una kitambulisho?"

"Sina chenye picha," Mahlon akajibu. "Sisi hatupigi picha."

"Mnakwenda wapi?"

Nikafumba macho, maana nilimjua mtu wangu.

"Naenda kuonana na wakili," Mahlon akasema.

"Wakili?" Askari akainama zaidi. "Umefanya nini, mzee?"

"Mjukuu wangu amekufa."

Yule kijana aliutazama uso wa Mahlon, zile ndevu, ile kofia mapajani, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Poleni sana," akasema. "Tengeneza hiyo taa, mama." Akarudi kwenye gari lake, na zile taa za bluu zikazimika.

"Unaona?" Mahlon akaniambia.

"Naona nini? Umenipunguzia umri miaka mitano!"

Mahlon hakuvuka daraja. Wakili ndiye aliyevuka kuja kwetu. Nilikuwa nimeshamjaribu wakili wa kwetu Ohio, akaniambia waziwazi kwamba kule ng'ambo leseni yake haina maana, tutafute mtu wa huko. Ndipo tukampata Corinne Haddix, mwanamke mfupi mwenye buti zenye matope, aliyekuwa ametutangulia kwenye mgahawa ulio chini ya daraja na tayari anamalizia pai ya tufaha.

"Bwana Gingerich, kaa," alisema huku akijifuta midomo. "Ukivuka lile daraja, yeyote mwenye beji anaweza kukulaza ndani. Kwa hiyo leo Kentucky imekuja kwako."

Akatoa karatasi moja.

"Huu ndio mkataba wetu. Nausoma kwa sauti ili baadaye asije mtu akaniambia hakuelewa. Kazi yangu ni moja: kumwomba jaji aifute hati ya kukukamata na akupangie tarehe mpya. Basi. Sikutetei katika kesi yenyewe. Sihoji mashahidi, sibishani na serikali. Jaji akishatia saini, mimi na wewe tumemalizana. Umeelewa?"

"Ndivyo nilivyotaka, mama wakili."

"Hilo ndilo linalonisumbua. Wengine huninunua nusu kwa sababu hawana uwezo wa kuninunua mzima. Wewe kanisa lako limenitumia ujumbe kwamba litalipia vyovyote. Kwa nini hutaki nikutetee?"

"Askofu wetu ameniruhusu kumtuma mtu akaombe," Mahlon akasema. "Hakuniruhusu kumtuma mtu akapigane. Na hata angeniruhusu, nisingetaka."

Niliuma ulimi. Nimekaa na watu hawa miaka kumi na tisa, nawapenda, nimekula mezani pao kuliko mezani kwangu. Lakini ziko siku natamani kumshika mmoja mabega nimtikise mpaka kofia ianguke.

Wakili Haddix hakutikisa mtu. Alifungua jalada lake.

"Nimelisoma hili lote jana," akasema. "Mkataba haunizuii kusoma. Niambie, mkiendesha gari la farasi, mshika hatamu hukaa upande gani?"

"Kulia."

"Watu wa gari la wagonjwa wameandika kwamba mkeo walimwokota kulia, mtaroni. Wewe walikuokota kushoto, barabarani." Akageuza ukurasa. "Na wameandika kwamba mkeo alikuwa amechunika viganja vyote viwili. Ngozi imetoka kwa mstari mmoja, kulia na kushoto. Kitu gani humchuna mtu viganja namna hiyo, bwana Gingerich?"

Mahlon akaipakata upya kofia yake.

Mimi nilijua. Farasi akishtuka akakimbia nawe umeng'ang'ania hatamu, ule mkanda wake unapita mkononi na kuondoka na ngozi yako. Nilikuwa nimeviona viganja vya Lovina, nikaambiwa ni ajali, nikaridhika. Leo nilijiona mjinga kupita kiasi.

"Hukuwa umeshika hatamu wewe," nikasema. "Mahlon! Ni Lovina aliyekuwa anaendesha!"

"Twyla, punguza sauti."

"Sipunguzi! Uliwaambia askari uongo?"

"Sijasema uongo maishani mwangu." Sasa yeye ndiye aliyepandisha sauti, na watu wa meza ya jirani wakageuka. "Yule askari aliniuliza, nani wa kulaumiwa? Nikamwambia kosa ni langu. Hakuniuliza habari za hatamu."

Wakili Haddix akaweka kalamu chini. Ilibidi nimweleze, maana yeye hakuishi na watu hawa. Kanisani kwao, jambo likiharibika, hukai ukaeleza. Unapiga magoti mbele ya wote na kusema kosa ni langu, unasamehewa, na halitajwi tena. Anayeanza kueleza ilikuwaje huonekana ana kiburi. Nimemwona mtu mzima akipiga magoti kwa ajili ya ng'ombe wa jirani aliyetoka kwenye lango ambalo yeye hakuligusa. Mahlon alipoulizwa na askari kando ya maiti ya mjukuu wake, alijibu kama alivyofundishwa tangu utotoni. Askari akaandika kwamba dereva amekiri.

"Basi mimi nakuuliza sasa," wakili akasema taratibu. "Nani alikuwa ameshika hatamu?"

"Mimi nilimshika Rhoda."

Akaiweka kofia mezani.

"Lovina aliendesha kwa sababu mimi nilitaka kumpakata mtoto. Kulikuwa na baridi. Nilimweka mapajani, nikamfunika blanketi, nikamshika hivi." Akakunja mikono yake mikubwa ya useremala kifuani, na ndani ya ile mikono hamkuwa na kitu. "Alikuwa ananihesabia nyota. Alifika kumi na nne. Tulipogongwa mikono yangu ikafunguka. Ya Lovina haikufunguka, aliishika ile hatamu mpaka ngozi ikamtoka. Yangu ndiyo iliyofunguka. Sasa niambie wewe, mama wakili, kosa ni la nani?"

Mhudumu alikuja na birika la kahawa, akatutazama, akaondoka bila kumimina. Nililia pale mezani, sina haja ya kuwaficha.

"Sheria haikushitaki kwa kumwachia mtoto," wakili akasema. "Imekushitaki kwa kuendesha bila taa. Nipe mkataba mzima, bwana Gingerich. Kwa karatasi hizi mbili tu nadhani naweza kuiua kesi hii."

"Ukiiua kwangu, wataandika jina la nani?"

Wakili akaifunga ile karatasi ndani ya jalada.

"Mke wangu amebakiwa na wiki chache," Mahlon akasema. "Hajui karatasi za mahakama zimeandika nini. Anajua zipo, basi. Kila siku anaamka anauliza ingekuwaje kama ile taa angeikagua yeye mwenyewe kabla hatujaondoka. Nikikuruhusu upigane, atakufa akiwa mshitakiwa wa kifo cha Rhoda. Sitaki. Akishazikwa nitakwenda mwenyewe, wafanye wanavyotaka. Wewe niombee muda tu."

Sasa mnaelewa kwa nini alitaka wakili wa kazi moja. Na mimi niliyetaka kumtikisa nikaificha mikono yangu chini ya meza.

Wakili Haddix akavuta fomu ya maombi. Nilimwona akiijaza haraka haraka, kisha kalamu ikasimama.

"Hapa ndipo pagumu," akasema. "Jaji huyu namjua. Hataki kusikia 'baadaye' wala 'mgonjwa akitulia.' Anataka tarehe. Nami lazima nimweleze kwa nini tarehe hiyo na si nyingine."

"Tarehe ya nini?" Mahlon akauliza.

"Ya wewe kufika mahakamani." Akasita. "Yaani, tarehe ambayo mkeo..."

Hakumalizia. Haikuhitajika.

Ndugu zangu, nimeendesha watu kwenda hospitali, kwenda mazishini, nimempeleka mwanamume kumtambua mwanawe chumba cha maiti. Sijawahi kuona uso kama ule. Mtu anaulizwa mkewe atakuwa amekufa lini ili iandikwe kwenye fomu.

"Mimi simpangii Mungu," akasema.

"Najua. Muuguzi anayekuja nyumbani anasemaje?"

"Anasema hatayaona mahindi yakivunwa."

"Basi tuseme mwisho wa Agosti. Niandike ishirini na sita?"

Mahlon akaitazama ile tarehe.

"Ishirini na sita ni siku moja baada ya siku yake ya kuzaliwa," akasema. "Atatimiza hamsini na saba. Dada yake humpikia keki ya karanga kila mwaka. Ongeza wiki moja, mama wakili. Kama bado yupo, nataka niile naye bila haraka."

Wakili akaandika tarehe mbili Septemba. Akauliza namba ya simu ya kumpata, Mahlon akamtajia, akaiandika. Wakatia saini wote wawili. Yule mwanamke akachukua jalada lake, akampa Mahlon mkono, akauacha ndani ya mkono wake muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida ya mawakili, kisha akavuka daraja kurudi kwao.

Tulikuwa tumeshakata saa mbili za barabara ya kurudi pale simu yangu ilipolia.

"Amekubali," ilikuwa sauti ya Haddix. "Nilimdaka baina ya kesi mbili. Hati imefutwa. Pili Septemba, na mpaka siku hiyo hakuna wa kumgusa."

Nilipiga kelele. Mahlon akainamisha kichwa na kufunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanamtikisika. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilimsikia akivuta pumzi mpaka mwisho.

"Basi mimi kazi yangu imekwisha," wakili akasema. "Mwambie nikibadilishiwa mkataba nipo. Na msishangae, karani wa mahakama ameshapiga simu kusoma amri ya jaji. Ndio utaratibu wao. Nimempa ile namba."

"Namba gani?"

"Aliyonitajia bwana Gingerich."

Furaha yangu ikakatika hapohapo. Mahlon hana simu. Hakuna Mwamishi wa pale kwetu mwenye simu nyumbani. Namba aliyoitaja ni ya kile kibanda cha mbao kilichopo mwisho wa njia yao, chenye simu moja na mashine ya kurekodi ujumbe, mali ya nyumba nne. Anayepita kwanza huisikiliza mashine, huandika kila ujumbe kwenye karatasi, neno kwa neno, na kuupeleka kwa mwenyewe. Ni heshima yao. Hawachelewi.

"Mahlon," nikasema. "Ule ujumbe wataupeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na nyumbani kwako leo yuko nani?"

Aliiondoa kofia usoni.

"Kanyaga, Twyla," akasema. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuniambia neno hilo.

Nilikanyaga. Taa ya breki mbovu na yote, nilikanyaga. Jua lilikuwa bado juu tulipofika kwenye kile kibanda. Mlango ulikuwa wazi. Mahlon akaruka kabla gari halijasimama vizuri, akaingia, akatoka.

"Mashine haina kitu," akasema. "Wameshauchukua."

Nyumba ilikuwa kimya. Dada yake Lovina, anayeitwa Saloma, alitupokea barazani huku akijifuta macho na aproni.

"Nimemkataza," akasema. "Nimemkataza, Mahlon, hanisikii."

Lovina alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango. Lovina huyuhuyu ambaye kwa siku tisa hakuweza hata kugeuka kitandani bila kushikwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kofia yake nyeusi ya safari, na viatu, kimoja kimefungwa kamba na kingine hakijafungwa. Uso ulikuwa wa njano. Mapajani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli.

"Tarehe mbili Septemba," akasema.

"Lovina," Mahlon akaanza.

"Ngoja nisome. Msichana wa jirani ana mwandiko mzuri, hakuacha neno." Akaiinua karatasi karibu na macho. "'Kesi ya Mahlon Gingerich, dereva wa gari la farasi, imeahirishwa hadi tarehe mbili Septemba, kwa kuwa mke wa mshitakiwa hatarajiwi kuwa hai siku hiyo.'" Akaishusha. "Ni wiki moja baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Asante, mume wangu. Naona uliifikiria keki."

Mahlon aliegemea mwimo wa mlango.

"Lakini hapa wameandika dereva ni wewe."

"Niliwaambia kosa ni langu. Na ni langu."

"Uliwaambia hivyo nikiwa mtaroni nimelala. Usingethubutu kusema mbele yangu." Alisita avute pumzi, na ilichukua muda. "Miaka thelathini na sita ya ndoa, Mahlon. Umekuja kila asubuhi kunipa uji huku umebeba siri hii, na mimi nakulalamikia habari za mito ya kulalia."

"Nilitaka upumzike."

"Nitapumzika vipi? Mimi nitaondoka, na wewe utakwenda kufungwa kwa kosa la mikono yangu. Na Rhoda nikimkuta huko nimwambie nini? Kwamba nilijificha nyuma ya babu yake?"

Saloma akaanza kulia kwa sauti. Lovina hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Twyla, gari lina mafuta?"

"Lovina, mama, huwezi. Ni mbali. Hutafika."

"Sina haja ya kufika mbali. Nina haja ya kuvuka mto tu, nikiwa bado naweza kusema nani alishika hatamu." Akaigeuza mikono yake juu ya ile karatasi, viganja juu. Ile mistari miwili ya makovu ilikuwa imepona vibaya, myekundu, kutoka kidole kidogo mpaka kidole gumba. "Mwambie yule mama wakili nami nina kazi moja ya kumpa."

Mahlon akapiga magoti kizingitini. Mwanamume mzima, mrefu, akaujaza mlango wote.

"Usiende," akasema. "Nakuomba. Nimekuombea muda wa kufa kitandani kwako. Sikuomba kingine."

"Na mimi nakuomba utoke mlangoni, Mahlon."

Hakutoka. Lovina alishika mikono ya kiti akajiinua, akayumba, Saloma akamdaka kiunoni. Wakabaki hivyo, mmoja amepiga magoti na mwingine amesimama kwa shida, na hakuna aliyemsogelea mwenzake.

Kisha wote wawili wakageuka wakanitazama mimi, kwa kuwa funguo za gari zilikuwa mkononi mwangu.